Ukucha wa Mwalimu Yohana

Gazeti la kila siku lilifika Newala mara moja kwa wiki. Lilichapwa Dar es Salaam, likasafirishwa hadi Lindi, likapanda lori mpaka Masasi, likangoja Masasi kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza, kisha Jumamosi likapandishwa mlimani pamoja na chumvi, mafuta ya taa na barua za serikali. Yalikuwa magazeti sita yaliyofungwa kwa kamba ya katani, la Jumatatu juu na la Jumamosi chini, yote ya wiki iliyokwisha kupita. Mwaka ule wa 1960 kurasa zake za mbele ziliahidi madaraka karibu kila siku, na watu wa Newala walizisoma ahadi hizo zikiwa zimekwisha kuzeeka, jambo ambalo halikuzipunguzia uzito wala kuziongezea.

Mwalimu Yohana, aliyefundisha shule ya misheni kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa na kanuni moja kuhusu furushi hilo. Kamba haikufunguliwa. Jumatatu alichomoa gazeti la Jumatatu, Jumanne la Jumanne, na hivyo hivyo hadi Jumamosi, akiishi kwa utulivu wiki mbili kamili nyuma ya dunia. Alisoma habari haraka kidogo, kama mtu anayekula ugali ili afikie chai, kisha akageuza ukurasa wa mwisho, ambako chini kabisa palikuwa na fumbo la maneno: mraba wenye vyumba vyeupe na vyeusi, na orodha mbili za maelezo, moja ya maneno ya kwenda kulia na moja ya maneno ya kushuka. Majibu yalichapwa katika gazeti la kesho yake. Maana yake ni kwamba majibu ya kila fumbo yalikuwa ndani ya nyumba tayari, chini ya kamba ambayo hata mtoto angeweza kuilegeza. Katika miaka yote hiyo Mwalimu hakuilegeza. Walimu wenzake walimwona mtu wa ajabu. Yeye aliwaona watu wasiojua maana ya kusubiri, na hakuona haja ya kuwaeleza.

Mwezi wa Juni kiharusi kilimkuta darasani na chaki mkononi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukafa nao. Daktari wa misheni alikaa naye wiki tano, kisha akamrudisha nyumbani, akamwambia mkewe kwamba mwili huenda ukaishi muda mrefu. Kuhusu akili aliinua mabega, akapanda gari lake.

Mkewe, Magdalena, ambaye mtaani aliitwa Mama Cecilia kwa jina la binti yao aliyeolewa Lindi, hakulia. Si kwamba alijizuia. Alitazama mahali ambapo kilio kilipaswa kuwa, akakuta hakuna kitu, akachukua debe akaenda kuchota maji.

Maji ya Newala hayako Newala. Yako bondeni, na njia ya kuyafuata inateremka ukingo wa mlima kwa mawe na mizizi, halafu inapanda mahali pale pale na debe kichwani. Bomba la serikali lilikuwa limefika mjini, lakini mtaani kwao bado lilikuwa katika hatua ya kuahidiwa. Zamani Magdalena alishuka mara moja kwa siku. Mgonjwa asiyeinuka kitandani huoshwa, na nguo zake hufuliwa, kwa hiyo sasa alishuka mara mbili, alfajiri na alasiri. Mwalimu alikuwa amelazwa barazani, penye hewa, na macho yake yalielekea njia hiyo. Kama yaliiona, hakuna aliyejua.

Magazeti hayakukoma, kwa kuwa yalikuwa yamelipiwa hadi mwisho wa mwaka. Furushi la kwanza liliwekwa juu ya kiti, la pili likawekwa juu ya la kwanza, la tatu likaanguka. Ni kuanguka huko kulikomfanya Magdalena, Jumatatu moja, aketi kando ya kitanda na kuchomoa gazeti la juu. Alikuwa amesoma misheni hadi darasa la nne, na alisoma polepole, kidole kikitangulia. Hakujaribu habari. Alianza moja kwa moja na fumbo, akasoma maelezo kwa sauti, akamtazama mumewe, akasubiri muda ambao heshima ilidai, kisha akaandika mwenyewe alichokijua. Siku ile alijua maneno manne.

Msaada aliupata njiani. Jirani yake Zena, mke wa pili wa mshona nguo, hakujua herufi hata moja, lakini maneno alikuwa nayo mengi kuliko mahitaji yake. Magdalena alishuka bondeni na maelezo kichwani, akamwuliza Zena na wanawake wengine waliokuwa wakingoja zamu kisimani, akapanda na majibu pamoja na debe. Asubuhi moja aliwauliza juu ya mnyama mvumilivu, herufi tano.

"Huyo ni mwanamke wa Newala," Zena akasema. "Ila hatuenei kwenye hivyo vyumba vyenu."

Wanawake wakacheka. Magdalena alihesabu kwa vidole, akasema kwamba kweli hawaenei, na mwishowe mtu akamtaja punda. Punda alienea.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa wiki saba. Kila siku alimwekea mumewe penseli katika mkono wa kushoto, ambao haukuwa umekufa ingawa haukuwa na kazi, na kila siku penseli ilianguka. Aliiokota bila kusikitika. Ilikuwa sehemu ya shughuli, kama kukung'uta mkeka.

Siku ya Alhamisi ya wiki ya nane, gazeti liliuliza kipimo cha nafaka, herufi tano, Magdalena akaandika RATLI, akaridhika, akaendelea na jingine. Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukasogea. Ulivuka shuka kwa mwendo wa kinyonga, ukapanda ukingo wa gazeti, na ukucha wa kidole cha shahada ukasimama juu ya neno lile. Magdalena alidhani ni mtetemo. Aliuondoa mkono, akaurudisha kitandani. Mkono ukaja tena, ukucha ukasimama pale pale, na safari hii ukakwaruza, mara mbili, kama alivyokwaruza madaftari ya wanafunzi kwa miaka ishirini na miwili kabla hajaona haja ya kutumia wino.

Akafuta. Akafikiri, akataja maneno kadhaa kwa sauti, na alipotaja pishi ukucha ukaondoka.

Mtu mwingine angepiga kelele kuita majirani. Magdalena aliandika PISHI, herufi moja katika kila chumba, kisha akaenda kuchochea moto chini ya uji. Alasiri, njiani, alimwambia Zena kwamba Mwalimu yumo.

"Yumo wapi?"

"Yumo ndani. Anakosoa."

Zena alisema kwamba basi amepona, kwani hata kabla ya ugonjwa hakuwa na maneno mengine nyumbani.

Habari hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko Zena alivyoipa. Mwalimu Yohana alikuwa Mmakua wa Chiwata, upande wa Masasi, aliyeoa Newala na kujenga katika ardhi ya wakwe zake, kati ya mikorosho ya mama yake Magdalena, kama ilivyo desturi kwa watu wanaohesabu ukoo kwa mama. Mume wa namna hiyo hukaa kwa mkewe maadamu ni mzima. Akiugua hata asiweze kujisemea, wenye neno juu yake ni watu wa tumbo lililomzaa: mjomba wake na dada zake. Wakisema arudi, hurudi, na mke hubaki na nyumba. Tangu Agosti Chiwata walikuwa wameleta salamu mara mbili kwamba wanajiandaa kuja. Magdalena hakuwa na hoja ya kuwapinga, maana desturi aliijua na ndugu zake wenyewe walikuwa wameitumia kwa wengine. Sasa alikuwa na hoja moja, nayo ilikuwa ukucha.

Walikuja Jumatano, mwanzoni mwa Oktoba, asubuhi, kwa lori la ushirika. Mzee Mahmudu, mjomba, alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe, aliyewahi kuwa msimamizi wa magunia katika ghala la korosho la Chiwata. Alikuwa amefuatana na Agnes, dada yake Mwalimu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Magdalena alipiga magoti, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akawapa viti na maji ya kunywa. Mzee alimsalimu mgonjwa kwa Kimakua, akangoja, akageuka. Agnes alimshika kaka yake miguu, akaipapasa kama anayechagua mihogo, kisha akamtazama Magdalena.

"Wifi, umekonda," akasema. "Kwetu kijito kiko nyuma ya nyumba. Nikitupa jiwe linalowa."

Hakukusudia ubaya. Mzee Mahmudu naye alizungumza kwa upole na kwa urefu. Alishukuru kwa uangalizi wa miezi minne. Alieleza kwamba hakuna aliyemlaumu mtu, kwamba ardhi ni ya mke na mgonjwa ni wa mama, na kwamba lori lingerudi kesho. Magdalena aliyasikiliza yote kana kwamba yanamhusu mtu asiyemjua wa kijiji cha Kitangari. Alipomaliza, akasema jambo lake: kwamba mwenye neno juu ya mtu asiyejisemea ni ukoo, sawa, lakini Baba Cecilia anaweza kujisemea, hivyo aulizwe yeye.

Mzee aliuliza anajisemeaje. Magdalena akaeleza habari ya ukucha. Mzee akalifikiria jambo hilo kwa haki. Hakuwa mtu wa kudharau, lakini ghalani alikuwa ameona magunia mengi yaliyofunikwa korosho nzuri kwa juu.

"Mke anaweza kuuona ukucha umesogea kwa sababu anautaka usogee," akasema. "Neno unalolijua wewe si ushahidi. Nionyeshe neno analolijua yeye, wewe hulijui."

Zena, aliyekuwa ameingia kuomba moto na hakuona sababu ya kuondoka, alisema kwamba basi mzee amekuja siku nzuri, maana Mama Cecilia ana moja limemshinda tangu alfajiri na kisima kizima kimeshindwa. Kwa kweli lilikuwa jambo la kufedhehesha. Gazeti la Jumatano liliuliza tunda la mkorosho, herufi tano. Hapakuwa na mtu katika nchi ile, kutoka Newala hadi Lukuledi, ambaye hakuwa ameishi kwa tunda hilo, kulila, kulikausha, kulipikia pombe, na kila mmoja aliliita bibo. Bibo lina herufi nne. Mzee Mahmudu, aliyepima korosho nusu ya maisha yake, aliulizwa, akasema bibo. Agnes akasema bibo.

"Labda huko Dar es Salaam wanahesabu na korosho yake," Zena akasema.

Magdalena akachana ukanda wa kanga kuukuu, akaiweka penseli kati ya vidole vya mkono wa kushoto wa mumewe, akaifunga isianguke. Akaweka gazeti juu ya ubao wa kukatia nguo alioazima kwa mume wa Zena, akausogeza ubao kifuani pa mgonjwa. Akasoma maelezo mara moja, kwa sauti ile ile ya siku zote. Chumba cha pili kilikuwa na A tayari, kutokana na neno lililoshuka hapo. Vingine vilikuwa vitupu.

Ilichukua muda mrefu. Kuku walipita barazani wakarudi. Ncha ya penseli iligusa karatasi, ikatetemeka, ikaachia mstari, ikainuka, ikaachia miwili mingine iliyoegemea wa kwanza. Hiyo ilikuwa K. Akaruka A. Akaandika N iliyolala ubavu, kisha J, kisha U kubwa iliyotoka nje ya chumba chake. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha shingo, na Agnes, bila kuulizwa, akaifuta.

"Limesemaje?" Mzee akauliza.

"Kanju," Magdalena akasoma. Hakulijua neno hilo. Zena naye hakulijua.

Mzee akasema kwamba neno lisilojulikana na yeyote laweza kuwa neno, na laweza kuwa mikwaruzo. Hapo Magdalena akalileta furushi na kumweleza kwamba majibu yamo katika gazeti la Alhamisi, lililo juu, ambalo halijaguswa. Mafundo ya kamba ni ya Dar es Salaam, ayatazame mwenyewe. Mzee aliyatazama kama mtu wa kazi. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akaikata kamba.

Mwalimu Yohana akafumba macho. Aligeuza uso ukutani, kadiri shingo ilivyomruhusu, akabaki hivyo, asije akaliona gazeti la kesho. Mjomba wake alilitambua tendo hilo kabla hajatazama herufi yoyote, na pengine ushahidi ulikamilika hapo. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza. Hakujua kusoma. Alichojua ni kulinganisha alama: miaka kumi na minane alikuwa amelinganisha maandishi ya magunia na maandishi ya vyeti, alama kwa alama, bila kukosea gunia. Magdalena akamwonyesha mahali. Mzee akavunja ujiti wa ufagio, akauweka chini ya alama ya kwanza ya gazeti lililochapwa, akaupeleka chini ya alama ya kwanza ya Mwalimu, akarudi. Mara tano. Kisha akarudia tena zote kutoka mwisho.

"Ni zile zile," akasema, akavua kofia, akaiweka gotini. "Yumo."

Akasogeza kiti mpaka karibu na kitanda. Akasema, na sasa hakutumia Kimakua bali Kiswahili, ili kila aliyekuwepo awe shahidi:

"Yohana, mwanangu. Sisi tumekuja kukuchukua, mkeo anasema ubaki. Nilitaka kuamua mimi, lakini una akili zako, siwezi. Tuambie unataka kukaa wapi."

Magdalena alisogeza gazeti ili ukingo wake mweupe uwe chini ya penseli. Aliinama kuushika ubao usiteleze, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kuziona herufi, moja baada ya nyingine, zikiachana nafasi sawasawa kana kwamba kila moja ilikuwa na chumba chake. Ilipofika ya tatu alikwisha kujua. Alisubiri za mwisho kwa kuwa ndivyo inavyofanywa.

Penseli ikalala. Mzee Mahmudu akauliza limesemaje.

Barazani pale hapakuwa na msomaji mwingine. Zena alikuwa akitazama alama zile kama anavyotazama nyayo za ndege. Agnes alikuwa ameshika kitambaa. Mwalimu alikuwa amefumbua macho na kumkazia mkewe, na macho yake hayakumwomba kitu; yalingoja, kama yalivyongoja mwanafunzi asome kilichoandikwa ubaoni, si anachokitaka. Magdalena alifahamu vizuri kabisa kwamba angeweza kusema Newala. Aliliona jambo hilo likipita mbele yake, akaliona na upande wake wa nyuma, halikumgusa.

"Chiwata," akasoma.

Mzee akakohoa.

"Nalijua hilo," akasema, bila kumtazama. "Limepigwa chapa kwenye kila gunia letu."

Kwa hiyo hata ukweli wake haukuwa zawadi kwa mtu. Magdalena alitikisa kichwa kukubali, akafungua ukanda wa kanga vidoleni mwa mumewe, akaingia ndani kutafuta shati lake la kusafiria.

Kwa nini alichagua hivyo, Mwalimu hakuandika. Agnes aliamini ni damu. Zena, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, alisema kwamba mtu aliyelazwa miezi yote kuielekea njia ya bondeni amehesabu mengi. Usiku ule Magdalena hakumwuliza mumewe, naye hakuitaka penseli. Asubuhi alimwosha kwa debe lote zima, bila kubakiza, na wanaume wanne wakampandisha kwenye lori juu ya godoro, kati ya magunia matupu. Lori lilipoondoka mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ubao wa kando. Haukupunga, kwa kuwa ungeuachia ubao.

Siku iliyofuata Magdalena alishuka bondeni mara moja tu. Alirudi jua likiwa chini bado, akatua debe, akaona kwamba siku imebaki na sehemu ambayo hapo awali haikuwemo. Alifagia. Akaosha sufuria iliyokuwa safi. Kisha akaketi barazani, kwenye kitanda kitupu, akavuta furushi. Magazeti yalikuwa yameanza kutawanyika tangu kamba ilipokatwa, basi akayalinganisha pembe, la Alhamisi akaliweka kando kwa kuwa siku yake ilikuwa imepita bila mtu, akayafunga yaliyosalia kwa ukanda ule wa kanga, fundo likiwa juu.

Ilikuwa Ijumaa. Akachomoa la Ijumaa.

Zena alipita, akamwona, akasimama kwenye ngazi. Alisema kwamba sasa hakuna wa kumkosoa, anaweza kuandika lolote.

"Naweza," Magdalena akasema.

Alikwisha kujaza neno moja la kushuka; sasa akasoma maelezo ya kwanza ya kwenda kulia kwa sauti, kidole kikitangulia: chombo cha kuchotea maji, herufi nne. Zena akacheka, akasema hata yeye asiyesoma anajua hilo ni debe. Magdalena akaandika KATA, kwa kuwa chumba cha kwanza kilikuwa tayari kimepata K kutoka kwenye neno la kushuka. La pili alilijua. La tatu hakulijua, wala Zena. Alilisoma tena, akasubiri kidogo kando ya mto wa kulalia uliobaki mtupu muda ule ule ambao heshima ilidai, kisha akaviacha vile vyumba sita vyeupe. Jibu lilikuwa katika gazeti la Jumamosi, chini ya fundo, shubiri moja kutoka mkononi mwake. Akasogeza furushi mbali, akaendelea na neno la nne.